Mkia wa Pembaensis

Mwalimu wetu wa bailojia aliishi na neno moja la Kilatini kama watu wengine wanavyoishi na paka. Alilitunza, alilikaripia, alilitoa mbele ya wageni, na mtu akilikosea adabu alinuna yeye. Neno lenyewe ni pembaensis. Ni kivumishi, maana yake "wa Pemba", na wataalamu wa viumbe walikibandika kwenye majina ya ndege ambao ukiwatafuta dunia nzima utawakuta kisiwani kwetu tu. Sisi tulimwita Bi Mwalimu. Alikuwa na jina lake, bila shaka, ila Chake Chake nzima ilikuwa imeshalisahau, na nadhani hata yeye alilikumbuka pale tu alipokwenda kuchukua kitambulisho.

Tulikuwa wanafunzi wa sekondari alipolileta darasani. Ilikuwa saa ya mwisho, joto kali, nasi tumeshachoka na majina ya kisayansi yaliyofanana na majina ya dawa za hospitali. Akauliza nani anamjua ninga. Mikono yote ikapanda, kwa sababu ninga, yule njiwa wa kijani anayekula matunda juu mitini, kila mtoto wa Pemba amewahi kumrushia jiwe. Akatwambia ninga huyu wa kwetu haishi Unguja, haishi Tanga, haishi popote isipokuwa hapa, na jina lake kwa wataalamu wa dunia ni Treron pembaensis. Akaliandika ubaoni, akasogea pembeni kututazama tunavyolisoma. Tulizoea kuikuta Pemba kwenye ramani ikiwa kama tone la wino, na ramani nyingine hata tone lenyewe hazina. Sasa kisiwa kilikuwa kimekaa ndani ya neno la Waroma, mbele kabisa, bila kupunguzwa hata herufi.

Kisha akatwambia tulitamke, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Sisi watu wa Kiswahili hatupendi neno liishie kwenye konsonanti. Tunaliona kama mlango ulioachwa wazi, tunaurudishia kwa irabu. Kwa hiyo darasa zima likasema pembaensisi. Bi Mwalimu akaziba masikio. Alitufahamisha kuwa katika neno hili Waroma walikaza sauti pale pale tunapokaza sisi, silabi ya pili kutoka mwisho. Tunavyosema samaki, tukakaza "ma", ndivyo tuseme pembaensis, tukaze "en". Lakini ukiongeza "i" ya uongo mwishoni, mkazo unahama na kurukia "si", na ninga anaanguka kutoka mtini. Akatuonyesha ninga anavyoanguka. Alitandaza mikono ya buibui, akapiga mbawa, akapepesuka, akajibwaga kitini hadi chaki zikamwagika. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Mkuu wa skuli alikuwa na kosa lake mwenyewe. Alikuwa mpole, msomi wa Kiingereza, na kwa desturi ya Kiingereza ya kusoma "ae" kama "i", aliposoma jina lile alisema "pembiensis". Bi Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa adabu zote, "Mkuu, hapa si Pembi." Mkuu alicheka kabla yetu. Baada ya hapo akawa analitamka kwa mtindo wa Bi Mwalimu hata pale lisipohitajika, kama asubuhi moja mstarini alipotukumbusha kwamba sisi ni wanafunzi pembaenses na tuchomekee mashati.

Neno hili Bi Mwalimu alilipata ugenini. Alipokuwa msichana alipelekwa kusoma kwenye nchi ya baridi, na huko akafundishwa na bibi mmoja mzee ambaye hakuruhusu mwanafunzi aguse chai ya asubuhi mpaka kwanza anyambue kivumishi cha Kilatini. Kila mmoja alikuwa na kivumishi chake. Yeye alipoulizwa anataka kipi, akauliza kama kipo cha kwao. Yule bibi akaondoka, akarudi nacho. Bi Mwalimu alitusimulia kwamba alitoka nje akalia kwenye theluji, na machozi yakawa baridi kabla ya kufika kidevuni, na masimulizi yalipofika kwenye machozi alicheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Na kunyambua ndiko alikokupenda zaidi. Mimi leo nasomesha Kiswahili, na somo la ngeli bado nalianza kwa maneno yake. Alisema kivumishi ni mtu wa kufuata. Kwetu tunasema mtoto mzuri, kitu kizuri, maembe mazuri. Nomino ikigeuka, na kivumishi kinageuka. Waroma nao ni hivyo hivyo. "Tofauti ni moja," alisema. "Sisi tunabadilisha kichwa, wao wanabadilisha mkia." Ninga akiwa ndiye anayetenda, ni pembaensis. Kitu kikiwa chake, ni pembaensis tena. Ukimpa kitu, pembaensi. Ukimwona, pembaensem. Ukitoka kwake, pembaensi. Wakiwa wengi ni pembaenses, na ukiwapa kitu hao wengi, mkia unarefuka na kuwa pembaensibus. Kiumbe akiwa na jina lisilo la kiume wala la kike, basi ni pembaense. Lakini dume na jike, alisema, wanatumia mkia mmoja bila kugombana, jambo ambalo binadamu limewashinda.

Tulikariri kwa kuimba, kwa sababu lile "bus" la mwisho lilikuwa tamu kama ngoma. Mwaka ule timu ya skuli yetu ilicheza kiwanja cha Gombani, na sisi tuliokaa jukwaani hatukuwa na wimbo. Mmoja akaanzisha pembaensis, pembaensis, pembaensi. Tukapokea wote, na tulipofika pembaensibus tukaruka kwa pamoja. Mlinda mlango wa upande wa pili alituangalia sana. Baada ya muda nahodha wao akamwendea refa na kulalamika kwamba tunasoma kitu, na kitu chenyewe si Kiarabu wala si Kiswahili, na wenzake sasa wanaogopa kuugusa mpira. Refa akasimamisha mchezo, akaitisha mwalimu wetu.

Bi Mwalimu alishuka hadi kwenye mstari wa pembeni, na wachezaji wa pande zote mbili wakamzunguka. Alimweleza refa kwamba hilo ni somo tu. Refa akataka maana. Akampa maana. Refa akauliza mbona mwisho unabadilikabadilika. Hapo ingetosha kusema ndivyo lugha ilivyo, lakini yeye aliona mtu ameuliza, akamnyambulia yote, umoja na wingi, kwa mifano, huku mpira umelala katikati ya kiwanja. Refa alifikiri kwa dakika nzima, kisha akatoa uamuzi wake kwamba umoja ni ruhusa, wingi marufuku. Tukaimba umoja mpaka mwisho. Tulifungwa, na kwa miaka mingi kila mtu wa darasa letu alishikilia kwamba tungeachiwa wingi tungeshinda.

Msije mkadhani mtu wa namna hii alikuwa nadhifu katika mambo mengine. Mimi nilikuja kuwa jirani yake hapo mtaa wa Madungu, wanawake wawili ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nasema ninachokijua. Alivaa kanga ndani nje. Chai yake aliitia chumvi akidhani sukari, akainywa yote kwa sababu alikuwa anazungumza. Alifika msibani wakati watu wanatoka na harusini wakati majamvi yanakunjwa. Lakini mtu akisimulia jambo na kukosea kidogo, iwe jina la samaki au mvua ilinyesha kabla au baada, hakuweza kujizuia. Alisahihisha. Alifanya kwa uso wa furaha, kama anayekuokotea kitu ulichoangusha, wala hakuelewa kwa nini watu wengine walikunja nyuso.

Aliwahi kuolewa zamani, na ndoa ilivunjika. Habari hiyo nitaifikia.

Baada ya kustaafu, watu wa Makangale, kule kaskazini penye msitu wa Ngezi, walitaka kuweka bango kwa ajili ya wageni wanaokuja kuangalia ndege. Kwenye kamati yao walikuwamo waliosoma kwake, wakamwita aje akague majina kabla ya wageni wa kwanza kufika kesho yake. Nikamsindikiza. Tulimkuta fundi wa mabango kutoka Wete, mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, mrefu, na kanzu yake nyeupe ina madoa ya rangi kama imechanua maua. Bango lake lilikuwa zuri kweli. Juu ameandika NINGA WA PEMBA kwa kijani, chini yake jina la kisayansi kwa nyeusi. Alikuwa ameandika pembensis.

Bi Mwalimu alilisoma, akasema, "Fundi, umeila Pemba."

Fundi akajitetea kwamba ubao ulikuwa mfupi, na kukosa "a" moja hakumzuii mgeni kuelewa. Bi Mwalimu akamjibu kwamba kuna maneno ya Kilatini ambayo "a" kama ile hudondoka na hakuna anayeuliza, lakini aliyempa ninga jina hili aliibakisha makusudi ili Pemba isikike nzima, Pemba kwanza, halafu ensis, mdomo ufunguke mara mbili. Akaketi chini kando ya bango, kwenye majani, na kusema haondoki. Wanakamati walitazamana. Fundi alimwangalia yule mama aliyeketi chini na kanga yake ya ndani nje, kisha akachukua kopo la rangi nyeupe na kufuta mstari wote.

Kutwa nzima Bi Mwalimu na fundi walingoja rangi ikauke, wakiwa upande huu na huu wa ubao, wakila muhogo wa nazi walioletewa kutoka kijijini. Alipoandika upya, "a" ilipata nafasi, ila herufi za mwisho zikabanana na "s" ya mwisho ikainama kidogo. Bi Mwalimu akasimama, akalisoma kwa sauti, akasema limebanana lakini limetimia. Fundi alicheka, na kwenye gari tukirudi nilimwona jirani yangu akiangalia nje ya dirisha bila kumsahihisha dereva, ambaye njia nzima alizungumza makosa matupu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata pikipiki ya fundi ilisimama mlangoni kwa Bi Mwalimu. Alisema amepata kazi ya kuandika bango jingine na anataka kujua zaidi kuhusu mkia. Haikuwa vyema wakae peke yao, kwa hiyo nikaitwa niketi nao barazani, nami nikachukua muhogo wangu wa kumenya. Bi Mwalimu akamfundisha hali ya kwanza ya mkia, ya mtenda. Alhamisi nyingine akaja kwa hali ya pili, ya mwenye mali. Kila wiki alichukua hali moja na hakutaka mbili, akisema kichwa chake kidogo. Madungu yote ilianza kupita barazani kwetu alasiri ya Alhamisi. Na jambo moja nililiona tangu mwanzo. Fundi alisema pembaensisi. Alilisema hivyo kila mara, na mkazo ukiruka mahali ambapo haukutakiwa, na Bi Mwalimu alimtazama, akameza mate, akaendelea na somo.

Siku moja fundi alikuja hana la kuuliza. Alikunywa chai, akaisifu. Mwisho akasema, "Bi Mwalimu, hizo hali zimekwisha zote?"

Bi Mwalimu aliangalia ndani ya kikombe chake. "Imebaki moja. Sikukutajia kwa sababu umbo lake ni lile lile la kwanza. Haina kazi kubwa."

"Kazi yake nini?"

"Kuita. Unapomwita mtu, jina lake linakaa katika hali hiyo."

Fundi akaweka kikombe chini. Akamwita kwa jina lake halisi. Hakutanguliza Bi, hakumalizia na Mwalimu. Alilitaja mara moja tu, taratibu, kama unavyomwita mtu aliye karibu. Mimi nilikuwa sijalisikia kwa miaka, na ilinichukua muda kujua nani anaitwa. Kisu changu kilisimama kwenye muhogo.

Bi Mwalimu akasema, "Abee."

Alilisema kama msichana anayeitwa na mama yake. Halafu akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, nasi tukamsikia huko ndani akicheka peke yake, kicheko kirefu kinachopanda na kushuka. Fundi akaniuliza kwa sauti ndogo kama hicho ni kicheko kizuri au kibaya. Nikamwambia sijui, ila chai asiiache, kwa sababu leo imetiwa sukari.

Kesho yake asubuhi Bi Mwalimu alikuja kwangu, akanikuta jikoni nakuna nazi, akaketi kwenye kigoda, na hakucheka. Akanieleza habari ya ndoa yake ya kwanza. Alisema mumewe alikuwa mtu mwema aliyependa kusimulia visa mbele ya wageni, naye kila kisa alikisahihisha. Sivyo, haikuwa Jumatatu. Sivyo, alikuwa binamu, si mdogo wake. Mwisho yule bwana aliacha kusimulia, kisha akaacha kuzungumza, kisha akaondoka. "Sikumpiga, sikumtukana," alisema. "Nilimsahihisha tu mpaka akaisha. Na huyu mie nampenda. Ntamfanyaje?"

Niliendelea kukuna nazi.

Fundi alipoleta posa, kikwazo cha pili kilikuwa kaka yake, mkaazi wa Gombani, aliyekuwa ndiye wa kumwoza. Alikataa. Alisema dada yake ni mtu mzima, ana pensheni na nyumba, na ndoa hii itakuwa kichekesho cha mji. Fundi akaenda kumwona, na kwa kuwa Bi Mwalimu alikuwa hawezi kukaa wala kulala, nilikwenda na mimi, nikaketi ndani na mke wa kaka, pazia likiwa wazi kidogo. Kaka alisema mambo mengi, na la mwisho alilitoa kwa huruma ya kweli. "Yakhe, yule ntu atakusahihisha mpaka ufe."

Fundi alivua kofia, akaiweka gotini. Akasema, "Mie nshaandika mabango Wete nzima, Konde, mpaka Mkoani. Najua mengi yana makosa, kwa sababu skuli sikwenda sana. Miaka yote hiyo watu wanapita, wanasoma, wanacheka pembeni. Hakuna aliyekaa chini akangoja nirekebishe. Yeye alikaa kutwa."

Kaka aliangalia pazia, akajua kuwa nipo, akaangalia tena mgeni wake. Akaagiza kahawa.

Wakaozwa Madungu, Ijumaa, na wanafunzi wa zamani walikuja wengi, sasa wana vitambi na watoto. Fundi alipoingia uani na jamaa zake, hawakumpokea kwa kitu kingine. Walianza pembaensis, pembaensis, pembaensi, na hapakuwa na refa, kwa hiyo walivuka hadi wingi, na kwenye pembaensibus shehe mwenyewe alishikilia kofia yake. Bwana harusi, kwa furaha, akapokea kwa sauti kuliko wote: pembaensisi. Ua zima likageuka kuangalia dirishani. Mimi nilikuwa hapo dirishani, nimesimama nyuma ya bibi harusi aliyejaa hina na asumini. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akiufunga. Halafu akasema polepole, kwa ajili yake mwenyewe, pembaensisi, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine na kukuta kinamtosha.

Wakahamia Wete, na kwa miaka kadhaa nilimpata zaidi kwenye simu. Mwaka jana, baada ya mvua za masika, alinipigia na kuniomba tukutane Makangale asubuhi. Hakusema sababu. Nilimkuta na mumewe karibu na nyumba ya mlinzi wa msitu. Alikuwa amepungua mwili, anatembelea mkongojo, na viatu vyake vilikuwa viwili tofauti.

Alinivuta pembeni. Alisema lile neno lina ndege mwingine, naye katika miaka yote ya kusomesha alimwandika ubaoni, akamnyambua, akamtolea mitihani, lakini hakuwahi kumwona kwa sababu anamwogopa. Ni bundi. Mama yake alikuwa akimsikia bundi analia huwafunika watoto wote vichwa kwa kanga moja, na hofu ile haikumtoka hata alipokwenda kusoma ng'ambo. Sasa mlinzi amesema anajua mahali mmoja anapolala mchana. "Nimeshakuwa mzee," alisema. "Najionea haya kumkwepa."

Tukaingia msituni, mlinzi mbele, yeye na mumewe katikati, mimi nyuma. Njia ilikuwa na matope na majani yaliyooza, na maji yalidondoka kutoka juu ingawa mvua imeshakatika. Mumewe alimshika mkono pale penye mizizi, na hata palipokuwa pakavu hakuuachia. Mlinzi akasimama, akanyoosha kidole kwenye fundo la mimea inayotambaa, si juu sana kuliko vichwa vyetu.

Mwanzo hatukuona kitu. Kisha jani moja likawa si jani. Alikuwa mdogo, hazidi dafu changa, wa rangi ya karafuu iliyokauka nusu, amejikunyata na kuegemea kikonyo kama mtu aliyepitiwa na usingizi msikitini. Bi Mwalimu alirudi nyuma hatua moja na kunikanyaga. Bundi akafumbua jicho moja la manjano, akatutazama wanne bila haraka, akaturidhia.

Nilingoja aseme lolote katika yale aliyoyajua. Alisogea mbele peke yake, akaegemeza mkongojo kwenye mti, akatengeneza mtandio wake kama anayeingia nyumba ya watu.

"Kumbe ndo weye," akamwambia.